Kabla Hujanunua Hiyo Mashine ya TIG

Iyunga, Mbeya
Ijumaa, mchana

Atupele, mama yangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako nimeiona asubuhi ulipoweka chai mbele yangu bila kuniangalia. Mimi ni mzima. Umeme umekatika tangu saa sita, karakana yote imenyamaza, na wewe na mama yako mmekwenda Mbalizi kutafuta blanketi. Nimekaa mlangoni penye mwanga, nimechukua daftari lako la chuo lililobaki kurasa, na naandika. Mkono wangu umezoea chaki ya kuchorea vyuma kuliko kalamu, kwa hiyo mwandiko utauvumilia.

Mambo ya baridi ya huko Mafinga unakohamia kikazi, kanisa la kusali, jirani wa kumwamini na yule wa kumwogopa, hayo namwachia mama yako. Ameshaanza na hatamaliza hata basi likiwa linaondoka. Mimi nataka kuzungumza nawe habari za mashine.

Jumapili ulinionyesha picha yake kwenye simu. Uliniomba kitu kimoja tu, kwamba siku utakayokwenda Iringa kuinunua nije tuichague pamoja. Nikacheka. Nikasema mashine ya kuchomelea siyo redio, mtu haiweki nyumbani ajiburudishe nayo. Ukanijibu kwa upole kwamba mchana utachomelea vya kiwanda cha samani, na Jumamosi unataka uchomelee vyako, vile unavyovichora kwenye lile daftari lenye jalada la kijani. Nikauliza ni mtu gani mwenye akili anapumzika kazi kwa kufanya kazi. Ndipo uliposema, "Baba, wewe uliiacha TIG yako ioze chini ya turubai. Unataka na mimi niiogope?"

Nilipandisha sauti. Nilisema TIG ni ufundi wa watu wa kujionyesha, na kama unataka kuchezea pesa nenda kazichezee peke yako. Tangu siku hiyo unanisalimia kama unavyomsalimia mtu aliyekuja kusoma mita. Una haki.

Lakini uliligusa jambo bila kulijua, mwanangu. Ni kweli niliiogopa. Na lipo jambo ambalo nyote humu ndani nimewadanganya. Ile mashine haikuunguzwa na umeme. Hadithi ya umeme uliorudi kwa nguvu ikalipuka "pu" niliitunga mimi. Mashine ilikuwa nzima siku niliyoifunika, na pengine mpaka leo ni nzima kwa kiasi chake. Niliifunika kwa sababu nilimwonea mtu, na kila nilipoiona nilimkumbuka.

Nitakueleza yote, na katikati nitakwambia ninachokijua kuhusu kuchagua mashine, maana mambo haya mawili yalianza siku moja.

Ulikuwa darasa la tano. Kikundi cha akina mama wafugaji, kule mlimani juu ya Mbalizi, walinijia wakitaka tangi la kukusanyia maziwa. Walitaka la stenlesi, chuma kisichoota kutu, ili gari la kiwanda likija lichukue maziwa yao kwa pamoja. Mimi nilikuwa fundi wa madirisha na mageti, nachomelea kwa vijiti kama kila mtu hapa barabarani. Stenlesi nyembamba ya maziwa haitaki vijiti, inataka TIG, moto wa sindano na gesi. Badala ya kuwaambia sijui, nilisema ndiyo, kisha nikaenda mjini kutafuta mashine.

Nilikwenda kwa Mzee Vinod, yule Mhindi aliyekuwa na duka la vifaa vya ufundi, ambaye baba yake naye alikuwa na duka hilo hilo. Alivua miwani, akaniuliza, "Fundi, unataka kuchomelea nini?"

Nikamjibu, "Kila kitu."

Akaniuliza tena, chuma chenyewe kinene au chembamba, nyumbani nina umeme wa namna gani, gesi nitapata wapi. Niliona ananidharau. Niliona Mhindi anataka kunifundisha kazi yangu. Nikanyoosha kidole kwenye mashine iliyoandikwa namba kubwa kuliko zote pale rafuni, nikasema nipe ile. Mzee wa watu akavaa miwani yake akanipa. Muuzaji atafanya nini na mteja anayejua kila kitu?

Kwa hiyo ukifika dukani Iringa, mtu akikuuliza unataka kuchomelea nini, mshukuru na umjibu. Lijibu swali hilo hata kabla hujatoka Mafinga. Wewe umeniambia miguu ya meza za mbao za paini, na zile taa ndogo za stenlesi. Hivyo vyote ni chuma, na vyote vinatosheka na mashine ya mkondo mmoja, ile ndogo. Usikubali kuuziwa yenye mikondo miwili kwa sababu tu inaonekana ya kisomi. Ya mikondo miwili ni kwa ajili ya alumini. Lakini nakujua, mtu akikuletea kava la injini ya pikipiki lililopasuka hutasema hapana. Kama moyoni unajua utaishia huko, jiambie ukweli sasa, maana ya mkondo mmoja haitakuja kujifunza alumini ukubwani.

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni usiitazame. Ile ni nguvu ya mwisho, na wewe wa meza na taa hutaifikia. Uliza namba ndogo. Uliza inashuka mpaka ampea ngapi na bado moto ukatulia. Yangu ilikuwa na nguvu za trekta, ila ukiishusha inakohoa na kuzima. Bati la kwanza la akina mama nililitoboa mara tatu kabla sijalitengeneza. Uliza pia katika kila dakika kumi inachoma ngapi na kupumzika ngapi, na usikubali jibu la mdomo, limeandikwa nyuma ya mashine.

Yangu ilikuwa ya kukwaruza. Ili moto uwake, ilibidi niguse chuma kwa ncha ya sindano, ile ya tungsteni inayotoa moto, na kila nikigusa ncha inachafuka, naitoa, nainoa upya kwenye jiwe. Siku nzima nanoa kama mchinjaji wa Krismasi. Tafuta ambayo cheche inaruka yenyewe, hugusi. Na uhakikishe gesi inaendelea kutoka kidogo baada ya moto kuzima, mpaka mshono upoe. Yangu ilikata vyote kwa pamoja. Ilibidi nifungue na kufunga gesi kwa mkono kwenye tochi, ule mpini wa kuchomelea, nikisahau inavuja, na nilisahau mara nyingi. Vitu hivi viwili ni bora kuliko rangi nzuri na mkoba wa bure.

Sasa nifike kwenye gesi, maana ndipo nilipoanguka.

TIG inakula argoni, na argoni tupu, siyo ile ya kuchanganya wanayotumia mafundi wa bodi za magari. Mimi nilinunua mashine kwanza, ndipo nikaanza kuulizia gesi. Mtungi niliupata kwa shida, na ulipokwisha niliambiwa nisubiri gari kutoka Dar. Usifanye hivyo. Kabla hujatoa hata shilingi, jua mtungi utaujaza wapi, Iringa au huku Mbeya, na nani atakubebea. Mashine bila gesi ni kigoda cha gharama.

Tangi nililimaliza kwa sehemu kubwa. Lilikuwa linang'aa, Atu, nilijiona katika ubavu wake. Likabaki bomba la chini la kutolea maziwa. Wewe umefundishwa chuoni na mimi nililijua kwa kuambiwa, kwamba ukichomelea bomba la stenlesi kwa nje, ndani nako lazima ulijaze argoni, la sivyo upande wa ndani unaungua na kufanya ukoko mweusi, kama wa ugali chini ya sufuria. Ukoko huo una vishimo. Maziwa yanaingia humo, hayatoki, na maji ya kuoshea hayafiki.

Gesi ilikuwa imebaki kidogo mno. Ingetosha nje tu. Akina mama walikuwa wanakuja kesho yake na gari la kukodi, wameshajiandaa kwa nyimbo. Nikachomelea nje. Mshono ukatoka mzuri kama mkufu wa shingoni, na ndani sikuweka gesi. Nikajisemea, nani atachungulia ndani ya bomba?

Hakuna aliyechungulia. Maziwa ndiyo yaliyosema. Wiki ya tatu gari la kiwanda likaanza kuyakataa, yameanza kuchacha. Karibu mwezi mzima wanayarudisha nyumbani, mengine wanamwaga. Wakaniita. Nikapanda huko na spana yangu, nikafungua koki, nikaingiza kidole ndani ya bomba. Nikaugusa ule ukoko. Nakumbuka ulivyonikwaruza ncha ya kidole. Nilijua pale pale.

Walikuwa wamesimama kunizunguka, kama ishirini hivi. Mwenyekiti wao akauliza, "Fundi, tatizo ni nini?"

Nikatoa kidole, nikakifuta kwenye suruali, nikasema, "Tangi halina shida. Anayeosha ndiye hajui kuosha."

Aliyekuwa anaosha ni Mama Kabula. Ni Msukuma, wazazi wake ni wale wafugaji waliohamia bonde la Usangu, na yeye aliolewa huku kwetu. Katika kundi zima hakuna aliyeyajua maziwa kama yeye, amezaliwa katikati ya ng'ombe. Lakini alikuwa mgeni. Akasema, "Fundi, mimi naosha na maji ya moto, asubuhi na jioni. Hata leo nimeosha." Hakupiga kelele. Aliniangalia akingoja nirekebishe maneno yangu. Nami nikarudia, kwa sauti ya fundi, kwamba stenlesi haiharibu maziwa, uchafu ndio unaoharibu maziwa.

Wakamtoa kwenye kikundi wiki hiyo hiyo. Wapo waliosema mambo mengine mabaya zaidi, ya uchawi na kabila, sitayaandika. Baadaye maziwa yakaendelea kuchacha, wakalichoka tangi wakaliuza kama chuma chakavu, na ushahidi wangu ukaenda nalo. Kabla mwaka haujaisha Mama Kabula na mume wake walihama, wakarudi Usangu kwa kaka zake. Mimi nikaifunika mashine kwa turubai nikawaambia ninyi imeungua.

Mashine mbaya ilinimalizia gesi, hilo ni kweli, na ndiyo maana nakusumbua na namba na cheche. Ila mashine haikufungua mdomo. Ungekuwa na mashine bora kuliko zote Iringa, siku moja bado ungeharibu kitu, kwa haraka au kwa uchovu. Mafundi wote tunaharibu. Mimi nimeharibu madirisha mangapi unayoyajua na tukacheka. Kilichonitafuna miaka kumi na mitatu siyo ukoko. Ni ile sekunde ya kufuta kidole kwenye suruali.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, mwanangu, na nimeitembea peke yangu, nikiwa mkali kwenu bila sababu mnayoijua. Ulipotoka chuoni na kuniambia umeipenda TIG kuliko zote, nilipaswa kufurahi. Nilikuonea wivu, kisha nikaogopa. Nilikupa madirisha na mageti uchomelee kwa vijiti mpaka ukachoka. Nilisema nakuzoesha kazi ya mkate. Nilikuwa nakuzuia. Naomba unisamehe kwa hilo, hilo ni la kwako na mimi.

Jumatano niliwaambia nakwenda Chimala kuangalia vyuma. Nilipita Chimala nikaendelea. Nilimtafuta Mama Kabula siku nzima kwa kuuliza, nikampata jioni kwenye zizi la kaka yake, ana mvi sasa. Alinikumbuka kabla sijajitaja. Akaniletea kigoda, akanipa maji, akaendelea kukamua. Nikamweleza yote, bomba, gesi, kidole. Sikujitetea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata kwa msamaha nilikuwa nimejiandaa, nisikufiche.

Alimaliza yule ng'ombe, akasimama na ndoo yake. Akaniuliza, "Umewaambia wale wenzangu?"

Nikasema, "Bado."

Akasema, "Basi bado hujasema kitu." Akaingia ndani na maziwa yake.

Nimerudi na hilo neno tangu juzi. Nimeligeuza kila upande na sijapata pa kulishika isipokuwa pale alipolishika yeye. Alikuwa na haki. Nilimpelekea ukweli mahali ambapo hakuna anayeuhitaji isipokuwa mimi, nipate kulala. Yeye jina lake liliharibiwa mbele ya watu ishirini mlimani, siyo kwenye zizi la kaka yake.

Basi kuhusu mashine, nunua. Nimekataa kucheka tena. Kama utaniruhusu, nitakuja Iringa siku utakayopanga, nitasimama nyuma yako kama mzigo na wewe ndiye utakayeuliza maswali. Kama hutaki, nenda peke yako na vipande vyako vya chuma kwenye begi, vyembamba na vinene, uwashe mashine pale pale dukani uchomelee. Muuzaji akikataa, toka. Angalia kama wana sindano, vikombe na mipira ya akiba, maana tochi ndiyo inayochakaa kwanza. Kanyagio la mguu ni zuri kuwa nalo, utashusha na kupandisha moto wakati mikono inafanya kazi, lakini unaweza kuanza bila hilo. Mwenye nyumba wako mwambie mapema, na mlete fundi umeme aangalie waya na waya wa ardhini kabla hujachomeka, umeme wa chumba cha kupanga una mambo yake. Usichomelee kibarazani upepo ukivuma, unapeperusha gesi yote. Ukiwa ndani, fungua madirisha, argoni inafukuza hewa na haina harufu ya kukuonya. Na Mafinga ni mji wa maranda ya mbao, fagia kabla ya kuwasha hata cheche moja.

Kazi yako ya kwanza iwe bomba fupi la stenlesi. Lijaze gesi ndani, lichomelee, kisha lichane kwa msumeno uangalie. Usimwonyeshe mtu nje yake. Fanya hivyo mpaka ndani na nje pafanane, ndipo uanze taa zako. Nazitaka mbili, moja ya mama yako na moja ya hapa karakana, na nitalipa kama mteja mwingine.

Mama yako anajua tangu jana. Aliniuliza Mama Kabula alikuwa na watoto wangapi wakati ule. Nilikuwa sijui, wala sijawahi kujiuliza.

Kesho nitakubebea mizigo mpaka kwenye basi, tutaongea mambo ya kawaida, na barua hii utaikuta kwenye begi ukiwa mbali. Nimefanya hivyo makusudi, usije ukanionea huruma stendi. Basi lako ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kikundi cha akina mama bado kipo, sasa kinaendeshwa na mabinti wa wale wa zamani, na wanakutana kesho hiyo hiyo, Jumamosi saa nne, ofisi ya kijiji. Nimempigia mwenyekiti nimeomba nafasi. Aliuliza kama nataka kuwauzia kitu, nikasema hapana, nina maneno. Nitawaambia kwa majina, langu na lake. Wanaweza kunifukuza. Habari itashuka mpaka huku Iyunga kabla mimi sijashuka, na wapo watakaopeleka mageti yao kwa fundi mwingine. Na waende.

Nakuandikia wewe kwanza ili nisipate upenyo wa kurudi nyuma kesho nikiwa njiani. Ukifika Mafinga utatupigia. Mama yako atachukua simu, mtaongea yenu. Kisha mwambie anipe mimi. Usiniulize kama nimekula, wala mvua imenyesha. Niulize, "Baba, umewaambia?" Ungoje mpaka nijibu.

Anayekupenda, na aliyechelewa kukuonyesha,
Baba yako